Bwana Baadaye

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu, na natumai zitakukuta ukiwa mzima, umeshiba, na kile kifua chako hakijakusumbua na baridi. Rafiki yako aliyetupa anwani hii anasema uko kwenye karakana ya mbao, unapiga msasa milango. Nilifurahi kusikia una kazi, halafu nikawaza vidole vyako. Unavaa glavu? Najua utasema hakuna mtu anayepiga msasa na glavu. Wewe vaa tu. Mimi sijambo, shule inaendelea, nimerefuka kidogo, na bado nikiulizwa swali darasani sauti inatoka kama ya panya aliyekanyagwa mkia. Kwa hiyo lile jina ulilonipa, Konokono, bado linanienea vizuri.

Samahani kwa kuandika badala ya kupiga simu. Kwanza, simu zetu hupokei. Pili, hata ungepokea, ningesema hujambo, ungesema sijambo, halafu ningekata. Unanijua. Kwenye karatasi naweza kunyamaza katikati ya sentensi na usijue kwamba nilinyamaza.

Najua pia kwamba ulipoondoka ulisema hutaki kusikia tena habari za ngoma wala habari za Mama. Nimejaribu kuandika barua isiyo na vyote viwili, ikatoka barua ya mvua na bei ya mafuta ya taa. Niliichana. Basi nivumilie, usome mpaka mwisho, ndipo ukasirike.

Chumba chako bado ni chako, ila Mama ameweka humo mafurushi yake ya mazoezi, kwa hiyo kitanda chako sasa kinalaliwa na mizigo isiyo na kitu ndani. Ngoma yako iko palepale kwenye kona ya sebule, chini ya shuka la bluu. Hakuna anayeigusa. Mama mwenye nyumba alipendekeza siku moja tuifanye meza ya redio, kwa kuwa imekaa bure. Mama alimtazama tu, na yule mama akakumbuka kwamba kuna kitu amekiacha jikoni.

Kuna jambo nimekuwa nikiliwaza darasani. Katika lugha ya shule, ngoma ina maneno mawili: moja la ile inayopigwa, na jingine la ile inayochezwa. Mwalimu wetu hukasirika tukiyachanganya. Nyumbani ni neno moja tu, na nilikuwa nadhani ni kwa sababu lugha yetu inabana matumizi. Tangu uondoke nimeelewa sivyo. Nyumba yetu sasa inasema lugha ya shule. Ya kupigwa iko kwenye kona, ya kuchezwa iko ukumbini, na hazijuani.

Mama anaendelea na kazi zake zote. Jumamosi anafundisha watoto kwenye ule ukumbi ulio nyuma ya kiwanda cha chapa, wenye sakafu ya mbao inayolia kama mlango wa choo. Katikati ya wiki anakwenda hospitali, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, kuwachezesha watu waliopata kiharusi. Bado anasema "kuwachezesha", ingawa wengine wanachofanya ni kuinua kikombe na kukirudisha mezani. Kwake hicho nacho ni kucheza, mradi mtu ajue uzito wa kikombe unaanzia wapi mwilini. Siku zilizobaki ni mazoezi ya jukwaani. Na bado hahesabu moja, mbili, tatu kama walimu wengine. Anasema vilevile: teka, jitwishe, nenda, tua. Watoto wapya humwuliza maji yako wapi, naye huwajibu yako magotini, wachote taratibu yasimwagike.

Sasa nataka nikurudishe kwenye siku ile. Si kwa kutonesha kidonda. Ndani yake kuna jambo ambalo hatukuliona, wewe wala mimi.

Ulikuwa unampigia kama ulivyompigia siku zote: unatanguliza ile sauti kali ya ukingoni, kwa ncha za vidole, kumwita, halafu ile nene ya katikati, kwa kiganja, kumpokea. Naye mguu wake alikuwa anautoa kwenye ile kali. Siku ile akasimama akasema umechelewa. Ukarudia. Akasema umechelewa tena. Ukasema hapana Mama, niko sawa, na ukapiga mara nyingine polepole ili asikie. Watoto walikuwa wamekaa ukutani na baadhi ya wazazi wao. Akawageukia, akakunja mikono kifuani, akasema haya jamani, tumsubiri Bwana Baadaye. Watoto walicheka, kwa sababu watoto hucheka wakiruhusiwa. Uliifuta ngozi ya ngoma kwa mkono wa shati kama unavyofanya kila ukimaliza, ukatoka. Hukupiga kelele. Wao ndio waliopiga: Bwana Baadaye, Bwana Baadaye, mpaka mlangoni. Mama alidhani utarudi kula. Alikufunikia sahani.

Baada yako alikuja mpigaji wa bendi ya harusi, mtu wa maringo, kofia haivui hata ndani. Naye akaambiwa amechelewa. Akajibu kwamba amewapigia maharusi wengi na hakuna bibi harusi aliyewahi kulalamika. Hakurudi. Akaja mwingine tuliyemwita Mpole, kwa kuwa kila aliloambiwa alijibu sawa Mama, nitawahi. Basi akawa anawahi kweli, anapiga kabla ya wakati, mpaka sisi tuliokaa pembeni tukadhani amelewa. Lakini Mama alifurahi. Alisema huyu ndiye mtu anayeelewa.

Wakati huohuo akaanza kutaka nisimame pembeni ya jukwaa kila akicheza, mahali anaponiona. Mimi, ambaye naona haya hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Aliniambia ngoma ikianza nivute pumzi mabega yapande, ikisimama niyashushe. Nilidhani ananitibu aibu yangu. Watoto nao akawafundisha kuvua viatu na kusikiliza sakafu badala ya muziki, na wazazi wakasifu sana, wakasema mwalimu ana mbinu mpya.

Na kule hospitali kukatokea ugomvi wa kimyakimya. Unamkumbuka fundi cherehani, yule aliyekushonea sare ya shule ikawa na mkono mmoja mrefu? Alipata kiharusi. Upande wa kushoto ulilala, na mdomo ukavutwa pembeni. Mama alikuwa anakaa naye kuliko wagonjwa wengine wote, halafu ghafla akaanza kumkwepa. Fundi akisema kitu, Mama anaitikia tu kwa kichwa na kwenda kwa mwingine. Fundi alimwambia mke wake kwamba mwalimu ameanza kumwonea kinyaa kwa sababu ya mate yanayomtoka. Mke akaniambia mimi. Mimi, kama kawaida yangu, sikumwambia mtu.

Kisha likaja onyesho la ule ukumbi mkubwa. Mchezo uliitwa Mzigo. Mama yuko peke yake, amejitwika furushi, anatembea, kila mlango anaofika hapokelewi. Mwisho Mpole alitakiwa apunguze mapigo mpaka zibaki zile sauti kali za ukingoni, ndogondogo, kama mvua inayokatika. Zikisimama, Mama anatua furushi na taa zinazimwa. Basi.

Jioni ile mtu wa taa alikuwa amehamisha taa moja upande wangu, ikawa anayetazama kwetu haoni ila mwanga. Sikujua kwamba hilo lina maana yoyote. Mpole alipunguza, akapunguza, akasimama. Mama hakutua. Aliendelea kutembea na furushi kichwani. Alifika mwisho wa jukwaa, akageuka, akatembea tena. Ukumbi wote ulikuwa kimya, nilisikia nyayo zake na pumzi zake. Mpole alinitazama, nikamtazama. Mtu wa taa hakujua azime au asizime. Mama akatazama upande wangu akiwa amekunja uso kwa ajili ya ule mwanga, na kaka, ule uso ninauota. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika nyumbani kwake akakuta mlango umehamishwa.

Sijui miguu yangu ilipata wapi ruhusa. Nilitoka. Nilitembea mpaka katikati, mbele ya watu wote wale, nikiwa na sketi ya shule na soksi zisizolingana, nikainua mikono nikampokea mzigo. Mama alisogeza midomo bila sauti akaniuliza, imekwisha? Nikaitikia kwa kichwa.

Taa zikazimwa, na watu wakasimama kupiga makofi. Walidhani ndivyo ulivyotungwa. Gazeti likaandika habari za kimya kile kirefu na binti anayetoka kwenye mwanga kumpokea mama mzigo, likasema ni ujasiri mkubwa wa sanaa. Wenye ukumbi wakataka mchezo urudiwe, kimya kiwe kirefu zaidi ikiwezekana, na mimi nivae sketi ileile. Mama mwenye nyumba alibandika gazeti dirishani kwake, huku akinong'ona kwa majirani kwamba ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka.

Siku iliyofuata mchana, Mama alikuwa anaosha miguu yake kwenye beseni, amenipa mgongo. Nilikuwa natoa sufuria kabatini, kifuniko kikaponyoka. Unakijua kile kikubwa cha bati. Kilianguka kikazunguka sakafuni kikilia mpaka kilipochoka chenyewe. Jirani aliuliza dirishani kama kuna mtu ameumia. Mama aliendelea kusugua kisigino.

Nilimgusa bega akaruka, maji yakamwagika. Akatazama kifuniko, akatazama uso wangu, na hakuhitaji kuniuliza. Alinikalisha kwenye kiti akaniambia kwamba masikio yake yamekuwa yakiondoka kwa muda mrefu, kidogokidogo, kama wageni wanaoona haya kuaga. Mwanzoni alidhani watu wameanza kusema chini chini. Kisha akajifunza kusoma midomo, na mabega, na sakafu. Ndiyo maana alimkwepa fundi cherehani. Ule mdomo uliovutwa pembeni hawezi kuusoma, na aliona heri fundi amdhanie mwenye dharau kuliko ajue.

Tulikwenda kwa daktari. Daktari ni mgeni, anasema lugha ya shule tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Alimpima kwa vyombo, kisha akaweka kalamu chini akaanza kueleza. Alisema sauti kali ndizo hutangulia kupotea: ndege, filimbi, kijiko kwenye kikombe, ncha ya kila kitu. Zile nene hubaki nyuma kwa muda, halafu nazo hufuata, na hakuna anayeweza kusema lini. Kilichokwenda hakirudi. Nilikuwa bado natafuta namna ya kulisema hilo la mwisho kwa lugha yetu bila kumuumiza, nikifungua mdomo na kuufunga, Mama akaniwekea mkono gotini.

"Acha, mwanangu," alisema. "Nimeona mabega yake. Mabega hayajui lugha mbili."

Njiani alitaka nimrudilie maneno ya daktari kuhusu sauti kali. Nikamrudilia nikiwa nimemgeukia, natembea kinyumenyume kama mtu wa kuchekesha sokoni. Akauliza tena: kali kwanza? Nikasema ndiyo, kali kwanza, nene zinabaki.

Tulipofika hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akavuta lile shuka la bluu. Akaniambia nipige ukingoni kwa vidole. Nilipiga. Akasema piga. Nikamwambia nimepiga. Akafumba macho akaniambia nipige tena kwa nguvu zaidi, nikapiga mpaka ncha za vidole zikaniwasha, na uso wake haukubadilika. Akasema sasa katikati. Nilipiga katikati kwa kiganja, na hapo akafumbua macho. Alitabasamu kidogo akasema napiga kama mtu anayeomba ruhusa, huyu siye, huyu siye hata kidogo. Kisha akaniomba nipige kama ulivyokuwa unapiga wewe: kali ya kuita, nene ya kupokea. Nilijaribu. Vidole, kiganja. Vidole, kiganja. Nilimwona mguu wake unatoka kwenye kiganja. Kila mara. Ile ya kuita haikuwepo kwake, alikuwa anasikia ya kupokea tu na kudhani ndiyo mwanzo.

Alinishika mkono nisiendelee. Alipiga magoti, akaweka shavu juu ya ngozi ya ngoma kama mtu anayelala.

"Hakuchelewa," alisema. "Mwanangu hakuchelewa hata siku moja."

Hilo ndilo nililokuwa nalitafutia njia tangu mwanzo wa barua hii, kaka. Hukuchelewa. Mpigaji wa harusi hakuchelewa. Mpole alilazimika kukosea ndipo asifiwe. Mama ndiye aliyekuwa anafika nyuma yako, na alikuita jina lile mbele ya watoto kwa kosa ambalo lilikuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe, bila yeye kulijua.

Nilimwambia tukutafute. Alikataa. Alisema atakuja kukwambia nini, kwamba alimfukuza mtoto kwa sababu ya masikio? Alisema umekwishaanza maisha yako kwenye mbao, na mtu hamwiti mwanawe arudi kumwuguza mama mwenye kiburi. Aliniapisha nisikwambie. Na mimi niliitikia kwa kichwa. Ujue kwamba siku hizi, nyumbani kwetu, kichwa changu ndicho kinywa changu: nikiitikia kwa kichwa ni sawa na mtu mwingine aliyeapa kwa sauti mbele ya watu. Kwa hiyo nimevunja kiapo, na ninakuungamia wewe kwa sababu kwa Mama nitaungama nikishaona umefika. Sijawahi kumwasi kwa lolote.

Wenye ukumbi aliwakatalia. Walimwomba, wakamwongezea sifa, akawaambia hawezi kurudia kosa akaliita kazi. Hatapanda tena jukwaani. Watoto atawafundisha, maana sakafu inamtosha, na hospitali ataendelea. Kwa fundi cherehani alikwenda mwenyewe akamweleza kila kitu. Fundi alimsikiliza, kisha akaandika kwenye meza kwa kidole cha mkono mzima, herufi moja moja, kwamba basi wako sawa: yeye hana mdomo, mwalimu hana masikio, wakiunganishwa atapatikana mtu mmoja wa kutosha. Mke wake alisema huyo mtu mmoja asije akataka kulishwa na yeye. Walicheka wote watatu. Niliporudi nyumbani nililia, kwa sababu niliona ilivyokuwa rahisi. Alimwambia tu. Kwa nini kwako isiwe rahisi hivyo?

Lakini nadhani najua. Fundi alimnyima heshima kwa muda. Wewe alikunyima ngoma.

Kila asubuhi akipita kwenye kona ile, kabla hajakunywa chai, anaweka kiganja juu ya ngoma yako, kama anayempima mtoto homa. Anadhani simwoni. Ngozi imelegea. Mimi sijui kuikaza, na hataki mtu mwingine aikaze.

Fundi cherehani anakusalimu na anasema ule mkono mrefu wa sare ulikuwa makusudi, kwa kuwa wewe ulikuwa bado unakua. Mpole anakusalimu pia ingawa hamjuani; anasema alisikia habari zako na anakuachia nafasi. Watoto wa Jumamosi wamebadilika karibu wote, hawa wa sasa hawalijui lile jina. Mama hajakusalimu, maana hajui kama ninaandika, lakini ukitaka salamu zake, ziko kwenye hiyo ngozi iliyolegea.

Sikuambii uache kazi. Nakuomba tu uje, hata kwa kupita. Zile sauti nene bado zipo, kaka, na daktari hakutuambia mpaka lini. Siku ile hukuchelewa. Sasa ndiyo usichelewe.

Na ukija, usipige hodi, hatasikia. Mlango siufungi. Ingia, nenda mpaka kwenye kona, funua shuka, piga katikati kwa kiganja. Atajua ni nani.

Ni mimi mdogo wako anayekungoja,

Konokono